Kiendelezi cha Mvua

Mama mdogo hatupi kitu cha mteja. Katika duka lake la kuchapa kuna kabati lenye miavuli, miwani, hata kiatu kimoja cha mtoto, na ukimwuliza atakujibu, "Mwenyewe atarudi." Mtaani wamembatiza Bi Amana. Kwa hiyo wateja walipoongeza vitu kwenye kompyuta ya mbele, ile wanayofungulia barua pepe zao, hivyo pia hakuvigusa. Huyu aliweka kamusi, yule cha kukuza maandishi, fundi muashi akaweka cha hali ya hewa ili ajue siku ya kumwaga zege. Vinaitwa viendelezi: programu ndogo zinazojishikiza kwenye kivinjari, kile cha kufungulia kurasa za mtandao, na kukiongezea kazi. Alama zake zilijipanga juu ya kioo kama ndege kwenye waya.

Wiki hiyo mama mdogo hakutulia. Ukitafuta neno, kivinjari kilikutupa kwenye kurasa za bahati nasibu na dawa za kupunguza unene. Alikaa, akainuka, akafuta meza iliyokwisha kufutwa, akakaa tena. Asubuhi hiyo nesi wa zahanati, anayesubiri jibu la kazi ng'ambo, alikuwa amefungua barua zake palepale.

"Njoo utazame," mama mdogo akaniambia. "Si wewe uliyesoma kompyuta?"

"Nilisomea maktaba, mama."

"Huko maktaba hakuna kompyuta? Kaa."

Kinyozi wa mlango wa pili alichungulia, mkasi mkononi. "Bi Amana, leo umefuga nyoka?"

"Nenda kamalize kichwa cha watu, kimebaki nusu!"

Nilifungua ukurasa wa viendelezi na kusoma ruhusa za kimoja kimoja. Cha kukuza maandishi kilikuwa na ruhusa ya kusoma kila ukurasa.

"Basi ndicho hicho! Kitoe."

"Subiri. Kitakuzaje maandishi kisiyoyaona? Kwanza uliza kazi yake, halafu uliza kinachodai. Kwa hiki, vinalingana, na aliyekitengeneza anajulikana."

"Na hicho cha fundi?"

"Cha mvua kinadai kusoma na kubadilisha kila kitu, kwenye kila tovuti."

Alisimama. "Mvua inataka nini kwenye barua za watu?"

Nikasema hilo peke yake halitoshi kumtia mtu hatiani. Tukazima kimoja kimoja na kujaribu. Tulizima kamusi, bahati nasibu ikaja vilevile. Tulizima cha kukuza, ikaja. Tulipozima cha mvua, neno tulilotafuta likaleta majibu yake, safi.

"Lakini kimekaa miaka bila neno," alisema.

"Kimepata mwenyewe mpya. Sasa ni cha kampuni isiyo hata na anwani. Kiendelezi kikitaka ruhusa mpya, kivinjari hukizima kwanza, kikauliza. Kuna mtu alibonyeza Kubali."

Mama mdogo alitazama kabati, kisha mikono yake. "Ni mimi. Nilikikuta kimezimwa, nikadhani nimemharibia fundi kitu chake."

Nilikiondoa. Hakupoa.

"Kimeona nini?"

"Sijui. Huenda nywila za wote waliofungua barua hapa. Huenda hakuna."

"Nesi," alisema, na kabla sijafunga ukurasa alikuwa ameshavaa viatu. Nilimfuata mbio mbio. Kinyozi alipaza sauti kwa mbali: "Ukiwaambia, nani atarudi? Nyamaza, mdudu si amekufa?"

"Amekufa kwangu. Kwao je?"

Zahanati ilikuwa na foleni. Nesi alitoka na glavu mkononi, akasikiliza mlangoni, na uso wake ukakunjamana taratibu.

"Mama, barua ile ndiyo maisha yangu."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimekuja kwa miguu yangu. Badili nywila, lakini kwa simu yako, si kwenye mashine yangu."

Alibadili palepale, vidole vikikosea na kurudia. Kisha nikamwonyesha sehemu inayotaja vifaa vilivyofungua barua zake. Kulikuwa na kimoja asichokijua. Alikitoa. Barua ya kazi ilikuwa bado haijaja, na hakuna kilichotumwa kwa jina lake. Hakutushukuru. Alisema tu, "Nani wengine mmewaambia?"

"Wewe wa kwanza."

"Basi mnasimama hapa mnangoja nini?"

Tulirudi dukani, mama mdogo akachapa karatasi kwa herufi kubwa, akaibandika mlangoni: *Kompyuta hii ilikuwa na kirusi. Kama ulifungua barua pepe hapa, badili nywila yako kwa simu. Kosa ni langu.* Kijana mwenye bahasha aliisoma, akageuka, akaondoka. Kinyozi alisonya.

Mama mdogo alimwangalia kijana hadi akapinda kona. Hakuketi. Alichukua simu, akatafuta namba ya mwalimu mmoja.

"Mwalimu, shikamoo. Ni mimi wa kuchapa. Nina habari mbaya, lakini ina dawa. La, usikate, nisikilize kwanza."