Mafigo ya Mama na Majira ya Baridi

Mwaka ule baridi ilipoingia Maskati, mama alianza kuvaa soksi mbili mbili hata mchana. Baridi yetu si ya kumtisha mtu. Watu huifurahia, huzima viyoyozi na kufungua madirisha. Lakini mama alikaa sebuleni kwetu Wadi Kabir kajifunika blanketi mpaka kidevuni, akiniambia, "Nnaona baridi, mwanangu. Hii haitoki nje. Inatoka ndani."

Daktari wa hospitali alikuwa keshatueleza. Mafigo yake yote mawili yalikuwa yamechoshwa na sukari ya miaka mingi, hayasafishi tena damu. Ilibidi awekwe kwenye mashine ya kumsafishia, mara tatu kwa wiki, na asichelewe. Mama alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, na tulipofika kwenye gari akasema, "Mie siendi. Mungu akitaka kunichukua, anichukue na damu yangu mwilini."

Nilidhani najua sababu. Dada yake alifia kwenye mashine kama hiyo. Kaka yangu alimbembeleza, kisha akamkasirikia, kisha akarudi kazini Sohar. Nikabaki naye mie, nikimwona anavimba miguu, anajikuna mikono mpaka inatoka damu, na chakula anakisukuma pembeni, ati kinanuka chuma.

Mtu aliyekosa pa kushika husoma kila kitu. Kwenye simu nikakuta maelezo ya utabibu wa Kichina: kwamba majira ya baridi ndiyo majira ya mafigo, kwamba figo hutunza nguvu ya uhai kama ghala linavyotunza nafaka, na baridi ndiyo wakati wa kuweka akiba. Mtu alale mapema, asitoke kitandani kabla ya jua, akipashe joto kiuno na nyayo, ale vitu vyeusi kama maharage meusi na ufuta mweusi, pamoja na jozi, zile kokwa zenye umbo la ubongo. Nilisoma kama barua niliyoandikiwa mwenyewe. Ndiyo maana anaona baridi, nikasema. Ndiyo maana.

Nikarudi kutoka sokoni na mifuko. Kila asubuhi nilimpikia supu ya maharage meusi, nikamtilia ufuta na jozi za kusaga. Mama, aliyeikataa hospitali nzima, hakuikataa supu yangu. Aliinywa polepole, akiniangalia kama anayenifanyia hisani. Wiki ya pili akaanza kulegea. Akisimama, magoti yanamwisha nguvu. Siku moja namvisha soksi, akaniambia moyo wake unarukaruka. Nikamwongezea supu.

Jirani yetu mmoja, aliyekuwa akichomwa sindano za goti, aliniambia yupo tabibu wa Kichina, mwanamke, huko mtaa wa Ghala, juu ya duka la vipuri vya magari. Nikampeleka mama. Ngazi zile tulizipanda kwa kupumzika kila kidato.

Tabibu alikuwa mtu wa makamo, Kiarabu chake cha kuokoteza. Mama naye hakijui, mie nikawa mkalimani. Alimshika mama vifundo vya mikono, cha kulia kisha cha kushoto, muda mrefu, kafumba macho. Akautazama ulimi. Akambonyeza muundi kwa kidole gumba, na shimo likabaki pale pale. Kisha akaomba karatasi za hospitali, akazisoma mara mbili.

"Anakula nini?" akaniuliza.

Nikamwambia, tena kwa fahari. Akaziweka karatasi mezani.

"Acha leo hii. Maharage acha, jozi acha, ufuta acha. Hivyo ni vya mtu mwenye figo zake. Yeye mwili wake hauwezi kuyatoa madini yaliyomo, na yakizidi yanausimamisha moyo."

"Basi mpe dawa."

"Sina dawa."

Nyuma yake palikuwa na kabati la mizizi na magome mpaka darini. Nikalionyesha. "Na hizi?"

"Hizi kwake sumu. Mpeleke kwenye mashine."

Nikamshika tabibu mkono, nikalia mbele ya mama yangu, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu utotoni. Nikamwambia nimekuja kwake kwa sababu mama haitaki mashine, na sina mlango mwingine wa kugonga.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anasema upumzike," nikamdanganya.

Tabibu alielewa. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya mama, akaipakata miguu yake na kuanza kuisugua nyayo juu ya soksi.

"Kwetu tunasema figo ndiyo makazi ya khofu," akaniambia. "Muulize anaogopa nini."

"Anaogopa kufa. Najua."

"Sikukuuliza wewe."

Nikamuuliza mama. Aliitazama miguu yake mapajani pa tabibu.

"Kufa siogopi," akasema. "Dada yangu walipomtia mashine walivuta pazia. Sie tukawekwa nje. Nilimsikia ananiita. Muuguzi akasema subirini, nikasubiri. Mie nnaliogopa lile pazia."

Miaka yote ile hakuwahi kunihadithia. Nikamfasiria tabibu. Yeye akaendelea kusugua nyayo.

"Basi waombe waliache wazi," akasema.

Nikamwahidi mama nitakaa naye, pazia wazi, naye akakubali. Tulitoka pale moja kwa moja hospitali. Daktari alipopima damu hakunificha. Alisema siku mbili zaidi na moyo ungesimama. Nilimuuliza kama ni mie niliyemfikisha mama pale. Akasema mafigo yalishakufa kabla ya supu yangu, lakini hakunitazama aliposema hivyo, na mpaka leo sijui kama aliniambia kweli au alinihurumia.

Muuguzi wa chumba cha mashine alisema jamaa hawaruhusiwi ndani. Nikamweleza habari ya pazia. Akamtazama mama, akaniwekea kiti miguuni pake. Mama hakuondoa macho kwangu mpaka damu yote ilipokwisha kuzunguka.

Hakupona. Aliishi na mashine mwaka mmoja na ushei, hai lakini amechoka, na kila siku ya kwenda aliniuliza, "Lazima?" nami nikamjibu lazima. Zikaja wiki ambazo hakuuliza tena, anasimama tu na kuvaa buibui lake, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko wakati wowote.

Alifariki mwanzo wa joto, alasiri, kitandani kwake. Nilikuwa nimekaa ubavuni namsomea ujumbe mrefu wa kaka yangu kwenye simu, ati watoto wamefaulu, ati wanakuja Ijumaa. Nilipofika mwisho ndipo nikagundua kuwa nilikuwa najisomea peke yangu.