Jicho la Mwalimu Lililoganda Mahoko

Miaka ile Gisenyi nzima ilitaka Kiingereza, hata sisi mafundi wa kushona. Jirani yangu aliyerudi kutoka Uganda akatufundisha sebuleni kwake, kwa ada. Siku moja akaandika ubaoni "glance". Ni kutupa jicho upesi na kuliondoa, akasema. Waingereza walilitoa kwenye Kifaransa cha zamani, neno la kuteleza, ndugu wa "glace", barafu. Kwanza lilikuwa la upanga unaogonga ngao na kuteleza pembeni, baadaye likahamia kwenye jicho.

Nikapiga hesabu mara mbili. Sisi tuliokaririshwa Kifaransa tangu utotoni tulikuwa tunamlipa mtu atuuzie mzigo uliopita mlangoni kwetu. Hata wachuuzi wa Goma wana haya kidogo.

Wakati huo nilihitaji cherehani. Niliyoiazima ilikuwa inarudi kwa mwenyewe, na bila cherehani sili. Mama mmoja sokoni Mahoko alikuwa na moja, ya miguu, nzima. Mwalimu akang'ang'ania kunisindikiza, nikamkumbusha njiani: kitu unachokitaka hukiangalii. Unaulizia ndoo, unashikashika vitambaa, jicho linapita tu juu ya cherehani.

"Glance," akasema, akatabasamu kama aliyelibuni yeye.

Tulipofika, akasimama mbele ya cherehani kama bwana harusi mbele ya altare. Akazungusha gurudumu. Akapiga magoti, akachungulia chini. Mimi huku niko kwenye ndoo, naulizia mfuniko.

"Mama, achana na ndoo," mwenye mali akaniambia. "Bwana yako amesha kununua mashini."

"Huyu si bwana yangu."

"Bon. Basi umuambie asimame. Ni kama anataka kuiposa."

Nikatafuta kasoro, ndiyo kazi yangu. "Lakini iko na kutu."

"Hapana, mama!" mwalimu akaita kutoka chini ya meza. "Hakuna kutu! Safi kabisa!"

Mwenye mali alikunja mikono tu, na bei ikakunja mikono pamoja naye. Sikuwa na pesa hizo. Tukarudi mikono mitupu, mwalimu akinisimulia njia nzima jinsi chuma kile kilivyo imara.

Siku ya soko iliyofuata nilikwenda peke yangu, nikalipa bei yake yote, bila kupunguziwa hata uzi. Pengo nililiziba kwa ada ya Kiingereza.

Mwalimu alipokuja kuulizia ada yake, alinikuta nashona. Nilimtupia jicho. Likateleza.