Karibu ya Kamulanga ya Zamani

Kama ningekuwa napika uongo, ningejipikia na ujasiri kidogo. Basi niamini: haya yalinipata mimi, mutu ambaye hata sokoni hapa Kasongo naenda nikinung'unika.

Kazi yangu ni kunakili ramani kwenye biro, ofisi ya nyaraka za zamani. Kazi nzuri, unakaa tu. Lakini shefu aliona majina mengi upande wa Kabambare hayako tena pale ramani inaposema, akanituma na motari, dereva wa pikipiki, nikaangalie. Sababu tunaijua sote: wakati wa ukoloni vijiji vilisukumwa kando ya barabara, watu wakahama na jina lao. Makaburi, nani angeyabeba?

Karibu na Kamulanga tairi likatoboka. Kwenye ramani, Kamulanga ya kwanza ilikuwa palepale, nyuma ya nyasi, na kweli niliona michikichi imesimama kwa mistari. Nikaingia.

"Usichelewe, muandishi!" motari akanitania huku akiziba tairi. "Kwako watakutangaza redioni kwamba umepotea!"

Kwetu ukipita kijiji kilichohamwa, unapiga hodi. Ni adabu tu. Nikapiga.

"Karibu."

Mama mmoja alikuwa anachambua ngazi, yale matunda ya mawese, mbele ya nyumba iliyopakwa udongo mweupe. Nyumba! Pale ambapo sasa hivi niliona nyasi tupu. Wewe ungekimbia? Hata mimi, ila adabu ilinishika. Akanisogezea kiti. Nikakaa.

"Unatoka barabarani, baba? Watoto wangu iko?"

"Iko, mama."

"Walisema wakimaliza kujenga watanifuata. Kila asubuhi nafagia." Akatazama njia. "Niletee mumoja tu. Hata asiyenijua sura."

Nikamwahidi. Motari akapiga honi, nikageuka, na niliporudisha macho nyasi zilikuwa zimenifika kifuani.

Kule Kamulanga ya barabarani nilimweleza kapita, mkuu wa kijiji, mzee mwenye mizaha. Mizaha ikamwisha.

"Ni koko yetu, mama ya baba yangu. Alikufa mbele ya kuhama, nyumba mpya hazijaisha. Alikupa kiti?"

"Alinipa."

"Ukakaa?"

"Nilikaa."

"Pole, ndugu yangu. Baba alikaa pia. Mpaka anakufa, alikuwa analilia kurudi kule. Ndiyo maana sisi hatuendi."

Nilirudi Kasongo. Kitanda kilekile, mboga ya sombe ya mke wangu ileile. Lakini jioni ikiingia, moyo unaniambia twende kwetu, na kwetu si hapa. Natamani ua ule uliofagiwa, na makelele ya watoto ambao sikuwazaa. Mimi, ambaye sikuwahi kutamani mahali popote kwa sababu sikuwahi kutoka! Mke wangu ananiuliza, "Unawaza wapi, na uko nyumbani?" Nimjibu nini? Mama aliomba mumoja tu. Amenipata mimi, na hata si wa ukoo wake.

Wewe unayepita njia ile, hodi piga. Ukikaribishwa, salimia ukiwa umesimama, kisha uende zako ungali unapapenda kwako.