Siku Bangili Ilipotangaza Msiba Wangu

Jamani, mimi nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na mbili, na anayefundisha watoto wadogo huzoea kuaibika, lakini aibu niliyoipata Jumamosi ile hapa Bigwa, mbele ya mikeka ya watu waliokuja kunililia mimi mwenyewe, sijawahi kuipata na sitaki kuipata tena, na hata sasa ninavyowasimulia naokotaokota nyuzi za kanga tu.

Chanzo ni bangili. Siyo ya dhahabu, msinionee wivu, ni ile nyeusi ya mpira ya kufungwa mkononi, aliyoniletea mwanangu Rashidi kutoka Dar baada ya mimi kuteleza bafuni na kutenguka nyonga kidogo (kidogo, narudia, ila akisimulia yeye utadhani niliokotwa vipande vipande). Kidude kile kinahesabu mapigo ya moyo, hatua, usingizi, kila kitu, kinaiambia simu yangu, na simu yangu inamwambia yeye. Hapo sikuwa na neno. Baba yake alifariki peke yake chumbani sisi tukiwa sebuleni tunakula, kwa hiyo hofu yake naijua. Ila Rashidi, bila kuniuliza, akaiunganisha ile ripoti na kundi la WhatsApp la familia, lenye watu arobaini na kitu, wengine wakwe wa wakwe ambao hata sura zao sizijui, eti ili "tumwangalie mama kwa pamoja".

Basi kila asubuhi ripoti inatua kundini, na mchana zinafuata nyingine. Mama amelala saa tano. Mama ameamka mara nne. Ameamka kwenda wapi? Watu wazima wote wanajua. Wifi yangu wa Dodoma anaandika, "Wifi, punguza chai ya jioni." Mwingine anaweka vile vikatuni vya kulia machozi. Halafu naenda gengeni kununua nyanya, muuzaji ananiambia, "Pole Mwalimu, nasikia jana ilikuwa mara nne," kumbe binamu yangu Halima, anayekaa mtaa wa pili, anawasomea majirani! Nikawa situlii. Nikitaka kwenda chooni najiuliza kwanza, hii ni ya ngapi? Nalala nimejibana, nimefumba macho kwa nguvu, ili bangili iridhike. Mtu mzima mimi, mstaafu, nakidanganya kipande cha mpira!

Siku moja nikampigia Rashidi nikamwambia naivua. Akanijibu kwa ule upole wake wa kuudhi, "Sawa mama, ukiivua nitajua huwezi tena kukaa peke yako. Nakuja kukuchukua uhamie kwangu." Kwake ni ghorofa ya tatu, na dirisha linatazama ukuta. Mimi hapa nikifungua mlango naiona milima ya kwetu, nina migomba yangu, nina kuku wangu, na mtaa mzima ukinisalimia shikamoo. Kuhamishwa nilikuogopa kuliko kuanguka. Nikaiacha mkononi.

Sasa, marehemu dada yangu aliacha mjukuu, Mwanaidi, ambaye alikuwa ndani, mwali, na Jumamosi ile ndiyo alikuwa anatolewa huko juu kijijini. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na bibi wa kumpaka unga siku ya kutoka nilikuwa nimebaki mimi peke yangu. Nisipokwenda mimi, mtoto anatolewa na nani? Rashidi alishakataa: "Kile kilima na presha yako, mama, hapana." Na bangili ingenisema kabla sijafika hata nusu ya njia.

Hapo ndipo nikaamua kajambo kamoja kadogo tu.

Jirani yangu ni Mzee Maganga, fundi cherehani, Mnyamwezi, yaani mtani wangu. Mluguru na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu: ananitukana namtukana, akikamata kuku wangu sikasiriki, na kukiwa na msiba wao watani ndio wenye kazi ya kuwachekesha wafiwa. Nikamwambia, "Maganga, nivalie kidude hiki leo, kaa nacho huko kibandani kwako sokoni, pamoja na simu yangu, na usimwambie mtu, hata mkeo." Alicheka mpaka akakohoa. "Mkononi kitanikwamia kwenye kitambaa," akasema, "nitakivaa mguuni." Nikaona hewala, mguu nao si una damu? (Mwembamba yule, kilimwenea sawasawa.)

Nyinyi mshaliona kosa. Mimi sikuliona. Cherehani ya Maganga ni ya kukanyaga.

Haya ya huku chini nimekuja kuyajua baadaye. Maganga alikuwa na sare za harusi za kumalizia, akakanyaga cherehani tangu saa moja asubuhi bila kupumzika, na kundini zikawa zinaingia ripoti kwamba Mama anatembea, Mama anakimbia, Mama bado anakimbia! Mama wa nyonga iliyotenguka! Rashidi anapiga simu, haipokelewi, cherehani inanguruma. Saa saba kasoro Maganga akaenda kutia udhu, akaivua bangili, akaiweka juu ya meza na simu pembeni, akaenda zake msikitini. Bangili ikatafuta moyo, haikuuona. Ikaandika hivyo hivyo, kwenye kundi la watu arobaini na kitu: mapigo ya moyo hayapatikani.

Maganga kurudi, simu inaita. Anaona jina la Rashidi. Na yeye, mtani wa watu, mdomo wake haujawahi kupita kwenye utani ukauacha. Akapokea, akasema, "Mama yako? Aa, huyo tumeshamzika, wahi ubwabwa." Akacheka peke yake. Kabla hajamaliza kucheka simu ikazima chaji, akaitupia kwenye droo, akarudi kwenye sare zake.

Rashidi kakulia mabwenini na Dar, utani wa kwetu anausikia kwenye harusi tu. Na sisi Waislamu hatumkawizi maiti, kwa hiyo neno la kuzikwa lilimwingia. Akaandika kundini, "Mama hatunaye," akawasha gari. Halima akawasomea majirani, na kwa kuwa mlango wangu ulikuwa umefungwa wakadhani nimezikwa kijijini, wakatandika mikeka uani kwangu.

Mimi saa hiyo niko juu, nacheza. Nilimpaka Mwanaidi unga, na shangazi zake wakanipaka mimi, uso mzima mweupe, nikajifunga kanga kiunoni, nikasahau nyonga, nikanywa togwa, na nilikwenda nyuma ya migomba mara ngapi sijui, hakuna aliyehesabu. Miezi yote ile sikuwa nimetulia kama nilivyotulia siku hiyo.

Nikashuka alasiri, na uso wangu wa unga vilevile (sikuunawa kwa madaha tu). Bodaboda akanishusha kwenye kona, nikaona wanaume kwenye mabenchi na wanawake kwenye mikeka, pale pale kwangu. Nikajua tumefiwa mtaani, wamekosa nafasi wamekaa uani kwangu. Sasa mtu unaingiaje msibani kwetu? Unaingia na kilio. Nikaweka mikono kichwani, nikaanza, "Uwiii, jamani, nani tena katutoka!"

Nikafika kwenye migomba, sauti ikanikatikia, kwa sababu waliokuwa kwenye mikeka walikuwa wanacheka. Katikati yao alikuwa Mama Shija, mke wa Maganga, amevaa gauni langu la kitenge alilolitoa kwenye kamba ya nguo, miwani ya mtu puani, ameshika kiuno, anachechemea kuelekea chooni kwangu. "Mara ya kwanza hiyo!" Anarudi, anajilaza mkekani, anakurupuka. "Mara ya pili! Andikeni kundini!" Anakwenda tena amebana mapaja, na kila akienda watu wanahesabu naye kwa sauti, wanacheka huku wanafuta machozi, "Ya tatu! Ya nneee!"

Yeye alikuwa anafanya kazi yake ya mtani, simlaumu. Lakini nilisimama pale nikaelewa mambo mawili kwa mpigo: kwamba marehemu ni mimi, na kwamba miaka yangu yote thelathini na mbili ya chaki imefutika, kilichobaki ni mara nne. Moyo uliniuma, wenzangu. Nilitaka nirudi kinyumenyume, nipande mlima, nibaki hukohuko.

Halima ndiye aliyegeuka. Akaona uso mweupe kwenye migomba. "Mzimuuu!" Wee! Mikeka ilibaki mitupu, sufuria la chai likapinduka, shehe akakimbia na kiatu kimoja, Mama Shija akajifungia chooni, chooni kwangu, ndani ya gauni langu. (Si walikuwa wananililia? Mbona hakuna aliyekuja kunikumbatia?)

Aliyebaki ni mmoja. Rashidi alikuwa amekaa chini ukutani, ndiyo kwanza kafika, hata mlango wa gari hakuufunga. Akanijia, akanishika mabega, akanipangusa unga usoni kwa kiganja.

"Mama, nilipofika Mikese ilibidi nisimame. Sikuwa naiona barabara."

Hapo nikalia kilio cha kweli, kwa hofu niliyomtia. Nikamweleza yote, mwali, Maganga, mguu, cherehani. Hakunigombeza. Akatazama mlango wa choo ambao Mama Shija alikuwa nyuma yake anasoma dua, akaniuliza polepole, "Kila siku wanakucheka hivi?"

"Hivihivi," nikamwambia. "Ila leo na wewe umekuwepo."

Akatoa simu, akaiondoa ripoti kundini mbele ya macho yangu, na kidole chake kilikuwa kinakosea vitufe. Kuhamia Dar hakukutaja tena.

Maganga alirudi jioni na bangili mfukoni, akakuta mtaa mzima unamsubiri. Utetezi wake ulikuwa mmoja tu: "Kwani Dar siku hizi hawataniwi?" Nimemnyang'anya jogoo, na hana haki ya kukasirika.

Bangili naivaa, nisiwadanganye. Nikianguka, inamwita Rashidi peke yake. Nisipoanguka, inafunga mdomo. Nimeapa sitamvisha mtu mwingine moyo wangu tena, hasa Mnyamwezi, na Rashidi naye ameapa kuuliza. Anapiga kila jioni, "Umeshindaje mama? Na usiku ulilalaje?" Namwambia, "Nililala, mwanangu."

Na niliamka mara ngapi? Mnaniangalia nini? Hilo hata nyinyi siwaambii.