Mkanda Uliokuwa Ukilia

Fundi wa gereji ya Iftin amewasha pikap yangu, mkanda wa feni ukalia, na harufu ya mpira ulioungua ikanirudisha utotoni, wakati wa vita. Pikap kuukuu ya Aabo, baba yangu, ya kubebea maji, ililia hivyo hivyo. Askari wa kizuizi cha barabarani waliijua kwa mlio hata gizani, wakavuta matawi ya miiba kando apite.

Siku moja akapata mkanda mpya. Alipanga kufunga na springi nzito, abebe maji mengi zaidi.

"Uache ulie," mama alimwambia. "Wameshauzoea."

Aabo alicheka tu, akaufunga. Alfajiri pikap ikaondoka kimya, sisi watoto tukaisifu. Hatujamaliza chai tukasikia risasi upande wa kizuizini.

Fundi ananiuliza kama aubadilishe. Namwambia auache kwanza.