Gome la Nekesa Mbele ya Daktari wa Kichina

Nilitoka Bungoma kwa sababu ya goti. Wengine watawaambia nilikwenda Dubai kumwona binti yangu Nafula. Hiyo nayo ni kweli, lakini goti ndilo lililopanda ndege. Nafula alikuwa ameniambia kwa simu kwamba anafanya usafi nyumbani kwa daktari wa Kichina, na kwetu daktari wa Kichina tunamjua: ni yule wa mizizi na vichupa.

Siku ya kwanza nililala Karama, mtaa anaokaa Nafula. Barabara zilikuwa zimechimbwa, wanajenga reli. Mabinti wanaoishi na Nafula walihamia kwa jirani ili mzee apate kitanda. Hilo nalo lilinitia haya, lakini tuliache.

Siku ya pili tukaenda Oud Metha, mtaa wa yule daktari. Madam Lin, mama wa nywele fupi nyeupe, alitukaribisha chai. Nikakunja suruali, nikaweka mguu juu ya meza.

“Baba, shusha mguu!” Nafula alininong’oneza. “Si daktari wa wagonjwa, ni wa biokemia! Anachunguza vitu vilivyo ndani ya majani.”

Madam akacheka. “Mwambie mzee, goti langu ni bovu kuliko lake.”

Ili kuficha aibu nikatoa gome la mti nililobeba, la kuchemsha kwa maumivu. Akalinusa, akachukua daftari.

“Nani aligundua dawa hii?”

“Mimi,” nikasema.

Akaandika jina langu. Nafula akatazama zulia.

Ndipo Madam akasimulia, Nafula akitafsiri. Baba yake alikuwa mchuma majani milimani. Yeye alisoma kwa koroboi hadi chuo kikuu, akazeeka maabarani akitafuta ndani ya jani moja kitu kinachotuliza uvimbe. Alipokipata, mkubwa wake alijiandika kuwa mgunduzi. Jina la Lin halikuwamo.

“Ndiyo maana naanza na jina,” alisema.

Nikaweka kikombe chini. Gome lile lilikuwa la marehemu mke wangu Nekesa, mama yake Nafula. Alipolichemsha nilimcheka, nikimwita mchawi wa sufuria.

Njiani Nafula alisema neno moja tu: “Khalas, yamekwisha, Baba. Ameshaandika.”

Siku ya kurudi nilimwambia tupitie tena Oud Metha.

“Na ndege, Baba?”

“Ndege haina aibu kama yangu.”

Madam alifungua mlango. “Mwambie nilidanganya,” nikamwambia Nafula. “Ni dawa ya mama yako.”

Alitafsiri polepole. Madam hakunikaripia. Alifungua daftari, akanipa kalamu nirekebishe mwenyewe. Nikalikata jina langu, kisha mkono ukasimama. Shule niliacha darasa la kwanza, na jina nililojua kuandika lilikuwa moja tu, hilo nililolikata. Nafula akaichukua kalamu, akaandika la mama yake, nami nikahesabu herufi: sita.

Nilipofika nyumbani nilijiunga na ngumbaru, darasa la kisomo cha watu wazima, mzee mzima miongoni mwa akina mama. Mwalimu aliniuliza nataka kuanza na neno gani. Nikamwambia lina herufi sita.