Wadi Nyeupe ya Osea Dresa

Osea alikuwa dresa, msafisha na mfunga vidonda, katika zahanati moja jirani na Igamba, na wagonjwa aliwachukia kwa kosa moja: walimchafulia wadi. Wadi ile aliibuni mwenyewe, mwaka 1949, aliporudi kutoka mafunzoni na injili mpya: macho yakiona mwanga, pua ikinusa dawa, masikio yakipata ukimya, mwili unapona wenyewe. Akabomoa kuta za ndani, akatoboa madirisha mapana kama ya kanisa, akapaka chokaa mpaka kuku wakipita mlangoni wanafumba macho. Kikabaki chumba kimoja kirefu, vitanda vikitazamana. Moshi marufuku. Kuongea marufuku. Kukohoa, kwa kibali.

Akalazwa Tumpe, mguu umeliwa na kidonda. Usiposafishwa kila siku, utakatwa. Osea akamtambia daktari Mzungu kwamba wadi yake itauponya, aje mwisho wa mwezi aone.

Kesho yake akaletwa Hezron, mzee wa homa, akapewa kitanda cha mkabala. Hezron ni baba mkwe wa Tumpe.

Sasa, kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Wakikutana njiani, mkamwana anajitupa kichakani, nyoka wawemo wasiwemo. Mke wa Osea mwenyewe huzunguka shamba zima la kahawa kumkwepa baba yake Osea. Lakini Osea alikuwa ameelimika, bwana.

Tumpe akajifunika blanketi gubigubi. Hali, hanywi, mguu hautoi nje usafishwe. Hezron naye kaugeukia ukuta, anaomba afe upesi. Ruti, mama yake Tumpe, akaja na mkeka, akautundika katikati.

Osea akaung'oa. "Unaziba mwanga!"

"Mwanga gani? Mwanangu anaozea gizani humo blanketini!"

"Ugonjwa haujui mkwe, mama. Acheni ushenzi."

"Kamwambie hivyo mkeo, ukirudi salama nije kukupongeza."

"Toka! Unanuka moshi."

"Nawe unanuka sakafu."

Ruti akambeba bintiye mgongoni, mwanamke mzima. Osea, katika wadi ya ukimya, akabweka: "Dawa na bandeji haziondoki hapa!"

"Basi daktari wako utamwonyesha mguu wa nani? Zilete mwenyewe."

Akazipeleka. Kila siku, na soksi zake ndefu, akichuchumaa jikoni kwa Ruti, machozi yakimtiririka kwa moshi.

"Fungua mlango, sioni!"

"Funga kidonda, mlango niachie."

Hawakusalimiana hata siku moja. Mguu ukapona.

Daktari alipokuja, Tumpe akatembea mbele yake bila fimbo. Osea akamwonyesha kuta, madirisha, ule mwanga. Daktari akafurahi mno, akaagiza kijiji cha pili nacho kijengewe wadi hivyohivyo.

Ruti akatema mate kwenye kizingiti cheupe. Osea akaenda kuchota chokaa.